Nairobi bila faida kushika usukani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitamka mbele za watu kwamba uchumi unaweza kuendeshwa na kitu kingine kuliko faida, maswali yanayokuja ni yale yale, kuanzia kwa mhasibu hadi kwa mtu wa boda. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Mifano mingi ni ya Nairobi kwa sababu ndiko ninakoishi, na kwa sababu hapa pesa haijifichi.

Jamii isiyoendeshwa na faida ni ipi? Ina maana kila kitu kitakuwa bure?

La. "Bure" ni neno la mkutano wa siasa. Unga unasagwa na mtu, na mtu huyo lazima ale.

Ninachozungumzia ni nani anaamua. Leo ukiuliza kwa nini mtaa huu una bomba la maji na ule hauna, mara nyingi jibu ni kwamba kuna mahali mtu alipiga hesabu akaona italipa, na mahali pengine akaona haitalipa. Katika jamii ninayoiwaza hesabu hiyo bado inapigwa, lakini haina neno la mwisho kwenye vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo: maji, chakula, pa kulala, matibabu, elimu, na njia ya kufika kazini. Vitano kati ya hivyo sita vimo kwenye Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, kwa hiyo sijabuni kitu. Usafiri ndio haumo, na nitauzungumzia hapa chini. Kwa mengine yote, viatu vya fasheni, simu mpya, nyama choma ya Jumapili, soko liendelee na kelele zake.

Mfano mdogo upo tayari. Tangu 2023 watoto wa shule za msingi za umma Nairobi hula chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa sahani, anakwenda kukaa. Chakula kile hakigharimu shilingi 5; pengo linazibwa na kaunti pamoja na shirika lisilo la faida linaloendesha majiko. Mzazi analipa kitu, mpishi analipwa mshahara, lori la kusambaza linatiwa mafuta. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza mtoto huyu atamwachia nini. Mpango wenyewe una udhaifu: unaposimama kwa mguu mmoja wa bajeti na mwingine wa wafadhili, mmoja ukichoka sahani inabaki tupu.

Kwa hiyo hata mama mboga aache faida?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ni haki ya anayeuliza. Hebu tuifuate hela ya mama mboga.

Anaamka saa tisa usiku kuwahi Marikiti, soko la jumla la mjini. Pale ananunua kreti ya nyanya zilizotoka Mwea, si kwa mkulima, kwa broka. Analipa wa kumbebea, analipa ushuru, analipa gari. Akifika kibandani anaipakua kreti kwa mkono, safu kwa safu. Nyanya za juu huwa nzuri siku zote; za chini ndizo zinazoamua siku yake itakuwaje, kwa sababu zikiwa zimepondeka basi alichofanya tangu saa tisa ni mazoezi ya viungo. Anapanga mafungu. Jioni watu wakishuka kwenye matatu anawakatia sukuma, nyembamba, huku akiongea na mteja mwingine na bila kuangalia kisu, na kukata huko halipwi.

Kinachobaki saa tatu usiku mhasibu atakiandika faida. Mimi nakiita mshahara, tena mdogo. Kuna mtu anayelipwa kwa kufanya kazi, na kuna anayelipwa kwa sababu tu kitu ni chake: mwenye ploti anayekodisha futi sita za kando ya barabara, au mkopo wa simu unaokata ada kila siku. Wa kwanza sina ugomvi naye hata kidogo. Broka yuko katikati. Ana lori, anabeba hatari ya barabara mbovu na nyanya zinazooza, hivyo sehemu ya hela yake ni ya jasho. Sehemu nyingine anaipata kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayejua bei ya shambani na ya mjini asubuhi hiyo. Wachuuzi wakiwa na ghala lao la baridi na mtu wao shambani, sehemu hiyo ya pili inarudi kwa mkulima na kwa mama mboga.

Tuonyeshe faida inavyoharibu kitu. Maneno matupu tumeyasikia.

Panda matatu.

Mwenye gari anampa dereva na makanga gari alfajiri na kuwaambia anataka kiasi fulani jioni. Hiyo ndiyo tageti. Mafuta ni juu yao, hela za steji juu yao, na za yule anayesimamisha magari barabarani kwa mkono ulionyooka pia juu yao. Kinachozidi ndicho chao. Kwa mpango huo kila dakika ina bei. Abiria aliyechukuliwa na gari la mbele ni hela iliyopotea, kwa hiyo unalikimbiza gari la mbele, unapanda kando ya lami, unapita upande usio wako. Saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache, unafanya kinyume: unakaa steji nusu saa ukingoja gari lijae, hata kama mgonjwa wa kliniki amekaa kiti cha nyuma anatazama saa. Mvua ikianza saa kumi na moja jioni, nauli ya 50 imeshakuwa 100 kabla hujafungua mwavuli.

Watu husema makanga ni wahuni. Mweke mhubiri kwenye mlango ule, mpe tageti ile, na kufikia Ijumaa atakuwa anapiga bodi ya gari na kukusukuma ndani kwa kiganja.

Kanuni za 2004, zile ambazo kila mtu anaziita za Michuki, zilitaka wahudumu wa matatu waajiriwe kwa mshahara. Mikanda tuliiona, vidhibiti mwendo tuliviona, mistari ya manjano bado ipo. Mshahara wa mwezi ndio haukushika. Sioni fumbo hapo: tageti inamtwika dereva hatari yote ya siku mbaya na kumhakikishia mwenye gari chake, basi mwenye gari aiache kwa nini?

Sasa gari lile lile, dereva yule yule, lakini analipwa kwa kufuata ratiba. Hana wa kukimbizana naye. Saa nne linaondoka na watu sita, kwa sababu hao sita wana mahali pa kwenda. Viti vitupu vinalipiwa na nauli za saa za msongamano, na ushuru, na mchango wa waajiri ambao leo wanapata wafanyakazi mlangoni bila kuchangia senti kwa safari yao. Ni ghali? Ndiyo. Lakini tayari tunalipa: kwa ajali, kwa saa zinazoozea kwenye foleni, na kwa barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ambayo mjenzi wake kutoka China atakusanya ada kwa miaka mingi. Aliye na hela anapita juu. Abiria wengi wa matatu wanaitazama kutoka chini.

Huu si ukomunisti tu umevalishwa nguo mpya?

Kuna aina nyingi za kutoendeshwa na faida, na aina ya Moscow ilikuwa moja. Pale serikali ilichukua nafasi ya kila mwenye kiwanda, ikapanga kutoka juu idadi ya viatu na misumari, na kumfunga aliyelalamika. Iliporomoka 1991 na siitamani.

Ya karibu zaidi nasi ni ya Tanzania. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa na vitu ambavyo Nairobi ya leo ingevitetemekea, hasa sharti kwamba kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni wala nyumba ya kupangisha. Wazia sharti hilo likisomwa bungeni kwetu. Watoto na watu wazima wengi walijifunza kusoma. Lakini kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini kwa amri, wengine nyumba zikichomwa nyuma yao, na mavuno yakaanguka. Ushirikiano wa kulazimishwa ulizaa watu waliofanya kazi ya kijiji kwa mkono mmoja na ya shamba lao kwa mikono miwili.

Kenya nayo ilikuwa na karatasi yake. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioongozwa na Tom Mboya akiwa waziri wa mipango, ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika. Ukiusoma ndani, unasema pesa ya maendeleo ipelekwe kwenye maeneo yenye uwezo wa kuzalisha zaidi, na mengine yatafaidi baadaye. Watu wa Turkana na Mandera bado wanaingoja hiyo baadaye. Kwa hiyo jina haliniambii mengi. Naangalia nani anashika kitabu cha hesabu na nani anaruhusiwa kukifungua.

Lakini wazee wetu si waliishi hivyo? Turudi tu tulikotoka.

Kiasi. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Wakisii risaga: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyesahau nani hakuja. Hapo ndipo wengi hukomea wanaposimulia. Wanaacha kusema kwamba wanawake walilima zaidi na kuamua kidogo, na kwamba aliyekuwa na ng'ombe wengi aliongea zaidi barazani. Pia mfumo ule ulitegemea watu wanaojuana hadi jina la babu. Kwenye ghorofa la mtaa wa Pipeline lenye ngazi nane hata jirani wa mlango wa pili humjui. Kilichobaki na kinachofaa ni ile kumbukumbu ya nani alikuja, na hiyo watu wa Nairobi wameibeba mpaka kwenye chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa.

Bila faida nani ataamka asubuhi kufanya kazi?

Wengi wanaoamka asubuhi Nairobi hawapati faida. Wanapata mshahara, na faida inakwenda kwingine. Muuguzi wa zamu ya usiku hagawiwi kitu hospitali ikifanya vizuri.

Watu hufanya kazi kwa mshahara, kwa heshima, kwa hofu ya kuonekana wavivu, kwa kupenda kazi yenyewe. Jonas Salk hakuidai hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yake, kwa chanjo yake ya polio ya 1955. Wikipedia, iliyoanza 2001, ina toleo la Kiswahili linaloandikwa na watu wasiolipwa, na wanagombana kuhusu viambishi kana kwamba ni kesi ya shamba. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao laki moja nchini, walitembea nyumba kwa nyumba miaka mingi wakifanya kazi ya kujitolea kabla ya 2023, serikali ilipowapa mkoba wa vifaa na kuahidi posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Sisemi hayo ili kuwasifia waliowaacha bila malipo muda wote huo. Kazi ya moyo hutumiwa vibaya haraka sana, na jamii isiyo ya faida ikikosa aibu itaendeshwa kwa wanawake wanaojitolea.

Kazi chafu je, za vyoo na taka? Zilipwe zaidi na ziwe na saa chache. Leo anayezibua choo cha shimo Mathare usiku kwa ndoo na kamba analipwa kidogo kuliko anayejibu simu kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Soko ndilo lililopanga hivyo, wala hakuna aliyelipigia kura.

Bila bei mtajuaje watu wanahitaji nini?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wanaotetea jamii kama hii hulikwepa. Mwanauchumi Friedrich Hayek alilieleza vizuri mwaka 1945: habari za nani anahitaji nini zimetawanyika kwa mamilioni ya watu, hakuna ofisi inayoweza kuzikusanya zote, na bei ndiyo inayozibeba. Nyanya zikiadimika bei inapanda, mkulima anapanda nyingi zaidi, bila waziri kutoa tamko. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi bei ziondolewe kwenye nyanya.

Tatizo ni kwamba bei inamsikia mwenye hela tu. Kiu ya asiye nacho haiingii kwenye hesabu. Na hata aliye nacho kidogo husikika vibaya. Mukuru, mtaa wa mabanda, mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, na mara nyingi maji yakikatika hupanda, basi lita 1,000 ni mitungi 50, yaani shilingi 250. Mwenye mita nyumbani Lavington, mtaa wa wenye hela, hulipa chini sana ya hapo kwa maji yale yale, tena yanamjia jikoni. Kwa mantiki ya bei, mahitaji makubwa ya Mukuru yangevuta mabomba. Yakavuta karteli za kuuza maji, ambazo biashara yao inategemea bomba lisifike.

Kwa hiyo jibu langu lina vipande viwili. Vitu vya kupenda na kuchagua viachiwe bei. Vitu vya lazima vihesabiwe kwa kuhesabu watu: kaya ngapi, mita ngapi, ndoo ngapi kwa siku. Na hilo si ndoto. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza 1996, limekuwa likifanya hesabu hiyo mlango kwa mlango. Mukuru ilipotangazwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, kaya zake zipatazo laki moja zilihesabiwa na wakazi wakakaa vikao vya kusema wanataka njia ipite wapi. Baadaye barabara na visima vilijengwa. Kisha 2021 Mukuru kwa Njenga zikaja tingatinga kupisha barabara nyingine, na maelfu wakalala nje. Mpango mzuri bila hati ya ardhi hubomolewa alfajiri.

Basi tuzungumze ardhi na kodi ya nyumba.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi miaka ya sabini na themanini ili wajenge viwanda vidogo. Wengi hawakujenga chochote. Mji ukakua, watu wakahamia, mabanda yakasimama, na karatasi za umiliki zikaendelea kupanda thamani kabatini bila mwenyewe kupiga msumari. Hapa faida haina hata kisingizio cha kazi.

Njia ninayoiona inafaa ni ardhi kumilikiwa na wakazi kwa pamoja, kila mtu akimiliki nyumba yake juu yake, lakini kipande cha ardhi hakiuzwi kwa mtu wa nje. Voi walijaribu hivyo miaka ya tisini katika mtaa wa Tanzania-Bondeni. Kinachozuia Nairobi kufanya hivyo si elimu. Ni kwamba wenye karatasi wanawajua wenye mihuri.

Sacco na chama si ndiyo hayo hayo? Tumeshafika.

Tumefika nusu ya njia. Sacco ni kitu cha ajabu ukikiangalia vizuri. Unaweka akiba, unakopa mara tatu ya akiba yako kwa riba nafuu, wadhamini wako ni watu mnaokula nao chakula cha mchana, na kinachobaki mwisho wa mwaka mnagawana. Kwenye kura, mwenye hisa nyingi na mwenye chache kila mmoja ana moja. Hiyo ni benki isiyo na mwenyewe wa nje, na Kenya nyumba nyingi za walimu na polisi zimejengwa kwa hela hizo.

Lakini uliza kila mara: ni sacco ya nani? Tangu mwishoni mwa 2010 serikali ilipoagiza matatu ziingie kwenye sacco au kampuni, kila gari lina jina la sacco ubavuni. Mwanachama ni mwenye gari. Dereva na makanga, waliomo ndani ya gari masaa kumi na sita, wengi hawana kura. Ni ushirika wa wenye mali, na tageti iko palepale. Ingekuwa sacco ya walioshika usukani, mkutano mkuu ungekuwa na ajenda nyingine kabisa.

Mahali walipoijaribu hiyo ni Mondragon, nchi ya Wabaski huko Uhispania. Wanafunzi wa padri mmoja, José María Arizmendiarrieta, walianza 1956 kwa kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Leo ni ushirika wa makumi ya maelfu ya wafanyakazi, na pengo la mshahara kati ya wa juu na wa chini limewekewa kikomo. Haikuwakinga na kila kitu: kiwanda chao cha friji na mashine za kufulia, Fagor, kilifilisika 2013. Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Wanachama wengi walihamishiwa kwenye vyama ndugu badala ya kutupwa barabarani.

Na wizi? Hapa kwetu mali ya umma ni mali ya mwizi.

Nyayo Bus, mabasi ya serikali, ilianza 1986. Mabasi makubwa, nauli ya chini, vijana wa huduma ya taifa wakiendesha kwa nidhamu. Miaka ya tisini ilikuwa imekufa: vipuri viliibwa, hela za tiketi ziliyeyuka, mabasi yakasimama yadi yakiota nyasi. Anayetaka usafiri wa umma Nairobi bila kuitaja Nyayo anadanganya wasikilizaji wake.

Ila nenda ukaketi kwenye chama cha akina mama Jumapili mchana. Hela zinawekwa juu ya meza. Mweka hazina anazihesabu kwa sauti, mtu wa pili anazihesabu tena, katibu anaandika, na kitabu kinapitishwa mkono kwa mkono. Aliyechelewa anatozwa faini hapo hapo, hata kama ni mwenyekiti. Sanduku, katika vyama vingi, lina kufuli zaidi ya moja na funguo zimekaa kwa watu tofauti. Wanawake wale hawajawazidi mawaziri kwa utakatifu. Mambo yamepangwa hivyo kwa sababu wanajua binadamu ni nani.

Elinor Ostrom alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha, kwa utafiti wa misitu, malisho na mifereji sehemu nyingi za dunia, kwamba watu huweza kutunza mali ya pamoja bila mwenye kampuni na bila askari wa serikali, ikiwa mipaka inajulikana, walinzi wanawajibika kwa watumiaji, na adhabu inaanza ndogo na kupanda. Mama wa chama angemwambia hayo kwa chai moja. Nyayo Bus haikuwa na hata kimoja: abiria hakujua hela inakwenda wapi, na meneja aliwajibika kwa aliyemteua.

Kuna kitu Nairobi kimeshaokolewa kutoka sokoni?

Uhuru Park, bustani ya umma, 1989, palipotaka kusimama jengo la ghorofa sitini. Msitu wa Karura, mwishoni mwa miaka ya tisini, vipande vyake vilipokuwa vimeshagawiwa wajenzi. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa ajili ya Karura. Leo watu wanakimbia pale asubuhi. Kuna kiingilio, ndiyo, na asiye nacho anabaki getini, kwa hiyo kazi haijaisha.

Elimu ya bure ilishindwa. Kwa nini turudie?

Januari 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa, zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Mwaka uliofuata akaingia Kimani Maruge, umri 84, akiwa na soksi ndefu za sare. Kiu ilikuwepo siku zote. Bei ilikuwa imeifunika.

Kisha walimu hawakuongezwa inavyopasa. Madarasa yakafika watoto themanini, mia. Wazazi wenye uwezo, wakiwemo wabunge waliopitisha bajeti, wakahamishia watoto wao shule za kulipa, na tangu hapo hakuna mwenye nguvu aliyekuwa na mtoto kwenye darasa lile. Hapo ndipo shule ya umma ilipopoteza wakili wake. Ukifanya kitu kiwe cha wote, hakikisha wakubwa nao wanakitumia.

Tunaweza kufanya biashara kati yetu bila shilingi?

Imejaribiwa. Mwaka 2013, mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kupokeana vocha walizoziita Bangla-Pesa. Fundi cherehani ana muda, muuza uji ana uji, hakuna mwenye shilingi, vocha inazungusha. Waanzilishi walikamatwa wakishukiwa mambo makubwa, kisha mashtaka yakaondolewa. Wazo likaja Nairobi, Gatina kule Kawangware na Lindi kule Kibera, baadaye likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu na kutumika Mukuru wakati wa korona. Inasaidia siku kavu. Haiwezi kulipa stima wala kodi, kwa kuwa mwenye ploti hataki vocha.

Nina karakana yenye mafundi watatu. Niifunge?

Usifunge. Wafungulie kitabu. Waonyeshe kazi ililipwa ngapi, mbao zilinunuliwa ngapi, kodi ngapi, na wewe ulichukua ngapi. Utapata wiki moja ya maneno makali, labda mbili. Mkiona mnaweza kwenda mbele pamoja, muwe wenye mali pamoja: sheria ya vyama vya ushirika inataka wanachama wasiopungua kumi, kwa hiyo nyinyi wanne mtahitaji wenzenu sita, na seremala hawakosi Gikomba. Afisa wa ushirika wa kaunti atawaambia fomu za kujaza. Kabla hamjaenda kwake, kubalianeni nani atakaa na funguo.